Mia Mbili za Shekuwe

Siku ya kwanza Somoe aliita toka jikoni: "Ndoo!"
Nami, Mtanga wa watu, nikatafuta ndoo.
Nikaiona moja ya buluu chini ya ngazi,
nikaijaza, nikampelekea inamwagika.
Alicheka hadi akakaa sakafuni.
"Ndoo ni njoo, shoga. Na hayo uliyobeba
hapa kwetu ni mai."

Nilikuja kwa harusi ya siku nne.
Pasi iligongwa mhuri Lungalunga,
afisa akauliza, "Unakaa hadi lini?"
nikamjibu kama mtu anayejua.
Harusi ikaisha. Kikuba kikanyauka juu ya msumari.
Ya tatu mpe jembe, walisema wa kale,
lakini Mkomani ukuta umemlalia ukuta,
hakuna pa kulima hata kitunguu,
basi nikapewa mbuzi,
nikakuna nazi miezi mitano.

Niliyojifunza hayaingii begini:
kujibana mlangoni punda wa mchanga apitapo,
kumjua Bi Nana Badi kwa kikohozi
kabla hajapiga hodi,
na kwamba Somoe akiwa na neno moyoni
huzikunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

Leo alfajiri zangu amezikunja mara tatu.

Kisha akaanza kutia vyake.
Chupa ya achari, imefungwa mfuko ndani ya mfuko.
Mikate ya mofa. "Hii utakula ndiani."
Kanga ambayo nilisema naipenda, mara moja tu,
mwezi wa pili, nikipita.
Zipu ikakataa. Tukalikalia begi wote wawili,
mgongo kwa mgongo, kimya,
na begi lilipofunga
hakuna aliyeinuka.

Tuliagana ghorofani.
Tukaagana tena kwenye ngazi, maana alikuja na taa.
Dakani Bi Nana alikuwa keshafika, akanishika kichwa,
akanisomea, akanipulizia usoni pumzi ya karafuu,
akaniuliza kama nimekunywa chai.
Nilikuwa nimekunywa. Nikanywa nyingine.

Shekuwe hakutoka.
Alikuwa uani anatengeneza bomba
ambalo mimi, niliyeosha vyombo pale kila siku,
sijaliona likivuja.
Nikamwambia, "Shemeji, naondoka.
Mia mbili zangu za keram ziko wapi?"
Hakugeuka. Akakaza nati iliyokwisha kukazwa.
"Nikikulipa leo," akasema, "tumemalizana."
Spana ikamponyoka, ikalia juu ya jiwe.
"Sikulipi."

Watu wamenipa vingi njiani maishani mwangu,
pete, ahadi, picha yenye maandishi nyuma.
Hakuna aliyewahi kunipa deni
kwa sauti ile.

Gatini boti ya Mokowe ilikwisha kujaa:
magunia, kuku wawili wenye hasira,
mwalimu na daftari zake ndani ya nailoni.
Somoe hapungi mkono. Anasema kupunga
ni kufukuza nzi.
Alisimama tu, mtandio kinywani,
akimkemea mchukuzi aliyeliweka begi langu kichwa chini,
"Achari! Achari, wewe!"
hata mashine ilipowaka alikuwa bado anamkemea,
na mimi nilishukuru,
kwa sababu ningalijibu nini
kama angalisema jambo jingine?

Sasa maji yamekuwa mapana.
Naona madirisha, siyatambui lipi letu.
Nimesema letu.

Kesho kutwa nitakuwa Tanga.
Mama atakuwa uani, anafua,
mikono imejaa povu, ataita bila kutazama:
"Ndoo!"
Nami nitaacha nilichoshika
nimwendee mbio,
mikono mitupu.